Kujiua katika falsafa ya maadili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanafunzi wa falsafa na teolojia, walimu, viongozi wa dini, na yeyote ambaye jambo hili limemgusa akataka kulifikiri kwa utulivu. Kama wewe mwenyewe unafikiria kujiua, soma jibu la kwanza tu. Mengine yote yanaweza kungoja.

Nafikiria kujiua. Je, falsafa itanisaidia kuamua?

Leo hapana. Leo unahitaji mtu wa kukaa nawe. Mpigie simu au mwendee mmoja unayemwamini, umwambie waziwazi: "Nafikiria kujiua. Naomba usiniache peke yangu." Kama kuna kitu ambacho umewaza kukitumia, ondoka karibu nacho, au mwombe mtu akichukue akiweke mbali. Nenda hospitali iliyo karibu, kitengo cha dharura au cha afya ya akili, na useme hivyohivyo bila kuficha.

Kenya, Befrienders Kenya wanapatikana kwa 0722 178 177 na Msalaba Mwekundu kwa 1199. Uganda kuna 0800 21 21 21. Tanzania, mtoto anaweza kupiga 116. Marekani na Kanada namba ni 988, na Uingereza ni 116 123.

Kuna sababu ya kifalsafa ya kukwambia hivi. Kupima hoja kunahitaji akili inayoona pande zote mbili, na dhiki kali huziba upande mmoja: mtu huona kwamba njia zote zimekwisha wakati zipo. Kati ya watu kumi walionusurika baada ya kujaribu kujiua, takriban tisa hawafi baadaye kwa kujiua. Hali inayoonekana ya milele leo, kwa walio wengi, ilipita.

Falsafa inauliza nini hasa kuhusu kujiua?

Inauliza maswali matatu, na karibu kila mabishano yanayoharibika huharibika kwa kuyachanganya. La kwanza: kitendo chenyewe ni kosa kimaadili, au kinaweza kuruhusika? La pili: aliyekitenda analaumika? La tatu: sisi wengine tunawajibika kufanya nini kabla na baada, yaani kuzuia, kutibu, kuzika, kuwalea waliobaki?

Jibu la swali moja halitoi jibu la lingine. Mtu anaweza kushika, pamoja na Thomas Aquinas, mwanateolojia wa Kikatoliki, kwamba kitendo hiki ni kosa daima, na hapohapo akasema kwamba jirani yake aliyekufa akiwa na sonona kali (ugonjwa wa huzuni nzito) hana lawama hata chembe. Mwingine anaweza kushika kwamba mtu mzima ana mamlaka juu ya uhai wake, na bado akaamini kwamba ukimkuta mtu katika hatari usiku wa leo ni lazima umzuie. Hakuna mgongano katika misimamo hiyo miwili. Ukiingia katika mjadala wowote wa jambo hili, uliza kwanza: tunajibu swali lipi?

Kujiua kunafafanuliwaje? Je, Socrates alijiua?

Kwa kawaida wanafalsafa hutaka mambo matatu yawepo: mtu alijua kwamba tendo lake lingeleta kifo chake, alikusudia kifo hicho, na yeye mwenyewe ndiye chanzo cha tendo. Lenye utata ni la pili.

Socrates alihukumiwa kifo na mahakama ya Athens mwaka 399 KK, akaitekeleza hukumu hiyo kwa mkono wake mwenyewe. Alijua na alitenda, lakini kifo kilikuwa amri ya mji. Kapteni Lawrence Oates alikuwa katika msafara wa Uingereza uliorudi kutoka Ncha ya Kusini mwaka 1912. Alikuwa mgonjwa, akaona anawachelewesha wenzake, akatoka hemani katikati ya dhoruba ya theluji ili wao wapate nafasi ya kupona. Je, alikusudia kufa, au alikusudia kuwapunguzia mzigo akijua tu kwamba atakufa? Na mgonjwa wa figo anayekataa kuendelea kusafishwa damu kwa sababu matibabu yenyewe yamemchosha, je?

Hapa hutumika kanuni ya athari mbili. Inasema tendo lenye matokeo mema na mabaya linaruhusiwa likitimiza masharti manne: tendo lenyewe si ovu, mtendaji anakusudia jema tu, baya si njia ya kulipata jema, na jema lina uzito wa kutosha kulinganishwa na baya. Mama anayerudi ndani ya nyumba inayowaka kumtafuta mwanawe anatimiza yote manne. Mgonjwa wa figo huwa anatimiza, ikiwa anachokataa ni mzigo wa matibabu. Oates ni mgumu: kama wenzake wangeweza kupona hata akibaki hai mahali pengine, kifo chake hakikuwa njia; lakini kama kifo chake ndicho kilikuwa njia pekee, mambo yanabadilika.

Kosa tunalolikuta mara nyingi ni kuanza na hukumu na kuifanya iwe ufafanuzi. Tunayemheshimu tunamwita shujaa au shahidi, tusiyemwelewa tunasema amejiua. Ukifanya hivyo, hoja imekwisha kabla haijaanza.

Hoja ya zamani zaidi dhidi ya kujiua ni ipi?

Katika Fedo, kitabu cha mwanafalsafa Plato, Socrates anasema wanadamu wamewekwa kama katika lindo, na ni mali ya miungu. Haifai kuliacha lindo bila ruhusa. Plato huyohuyo, katika kitabu cha 9 cha Sheria, anataka wanaojiua wazikwe peke yao bila alama, lakini anawatoa walioamriwa na mji, waliopatwa na msiba usioepukika, na waliofikwa na aibu isiyovumilika. Yaani tangu mwanzo kabisa wa mjadala huu, hata wakali walijua kwamba hali za watu hazifanani.

Aristotle aliacha miungu akaleta mji. Katika kitabu cha 5 cha Maadili ya Nikomako anauliza: anayejiua anamdhulumu nani? Hawezi kujidhulumu mwenyewe, kwa kuwa dhuluma hufanyika bila ridhaa ya anayedhulumiwa, naye ameridhia. Basi anaudhulumu mji. Jibu hili lina pengo ambalo Aristotle hakulijaza: mji unadai nini kwa mtu ambaye wenyewe haukumjali?

Aquinas, katika karne ya 13, alikusanya yote katika hoja tatu. Kujiua kunapinga mwelekeo wa asili wa kila kiumbe kujipenda na kujihifadhi. Kunaiumiza jamii, kwa sababu kila mtu ni sehemu ya nzima. Na uhai ni zawadi ya Mungu, ambaye peke yake ana mamlaka ya kuutoa na kuutwaa. Ukizikumbuka hizi tatu (nafsi, jamii, Mungu), utaielewa karibu kila insha iliyofuata, maana waliompinga walizifuata moja baada ya nyingine.

Hume alizijibuje?

David Hume, mwanafalsafa wa Scotland, aliandika insha yake kuhusu kujiua katika miaka ya 1750, akaiondoa kabla haijasambazwa. Ilichapishwa mwaka 1777, mwaka mmoja baada ya kifo chake.

Kuhusu Mungu anasema: ulimwengu wote unaendeshwa kwa sheria za jumla ambazo Mungu ameziweka. Kama kuugeuza mwendo wa asili ni kuingilia mamlaka yake, basi hata kulikwepa jiwe linaloniangukia ni kosa, kwa sababu nalo lilikuwa linafuata sheria hizo. Kuhusu jamii: wajibu ni wa pande mbili, na anayejitoa katika jamii haidhuru, ila anaacha tu kuitendea mema. Kuhusu nafsi: uzee, maradhi na mikosi vinaweza kuyafanya maisha yawe mabaya kuliko kutokuwepo.

Hoja ya kwanza ina nguvu dhidi ya yule anayesema "usiingilie asili" bila kueleza zaidi. Lakini inathibitisha kupita kiasi. Kama kuondoa uhai wangu ni kugeuza tu mwendo wa vitu, basi kuondoa uhai wa mwingine nako ni kugeuza tu mwendo wa vitu, na Hume hakubali hilo. Lazima basi kuwe na kitu cha ziada kinachofanya uhai wa binadamu usiwe sawa na jiwe, na hicho ndicho tulichokuwa tunakitafuta.

Hoja ya pili haisimami mbele ya familia yoyote iliyofiwa hivi. Watoto, mzazi, mwenza, rafiki wa karibu hawabaki mahali walipokuwa. Wanaumia, tena kwa miaka.

Udhaifu mkubwa zaidi uko karibu na mwisho wa insha, pale Hume anapoamini kwamba hakuna mtu aliyewahi kuutupa uhai wake ungali unastahili kutunzwa. Hilo ni dai kuhusu ukweli wa mambo, na si kweli. Watu wengi walionusurika wamesema baadaye kwamba walikosea kuhusu maisha yao wenyewe, na walikosea siku ileile waliyokuwa na uhakika zaidi. Msingi huo ukiondoka, sehemu kubwa ya utulivu wa insha yake huondoka nao.

Kant anasema nini, na wanafunzi hukosea wapi?

Hukosea kwa kuzisoma hoja mbili za Immanuel Kant, mwanafalsafa Mjerumani, kama moja. Zote zimo katika Misingi ya Metafizikia ya Maadili ya mwaka 1785, na hazina nguvu sawa.

Ya kwanza ni ya sheria ya jumla. Hatua zake: (1) mtu aliyekata tamaa anajiwekea kanuni kwamba, kwa kujipenda, atafupisha maisha yake yakitishia mabaya kuliko yanavyoahidi mema, (2) tuifikirie kanuni hiyo kuwa sheria ya asili kwa wote, (3) hisia ya kujipenda kazi yake ni kuendeleza uhai, (4) asili ambayo hisia hiyohiyo inaangamiza uhai inajipinga, (5) kwa hiyo kanuni haiwezi kuwa sheria. Inayoyumba ni hatua ya 3. Kwa nini tusiseme kwamba kazi ya kujipenda ni kutukinga na mateso? Tukisema hivyo mgongano unatoweka. Ukiandika insha ukaishia kwenye hoja hii, msomaji makini ataibomoa kwa sentensi moja.

Ya pili ni ya utu kama lengo. Mtu anayejiua ili aikwepe hali ya mateso anamtumia mtu (yaani yeye mwenyewe) kama chombo cha kudumisha hali ya kuvumilika hadi mwisho wa maisha. Kant anatofautisha chenye bei na chenye hadhi. Chenye bei kinaweza kubadilishwa na kingine cha thamani ileile. Chenye hadhi hakina mbadala. Utu una hadhi. Kwa hiyo kuuweka kwenye mizani na maumivu, hata maumivu makubwa, ni kuutendea kama bidhaa.

Mwanafalsafa Mmarekani David Velleman aliinoa hoja hii mwaka 1999. Manufaa yangu yana umuhimu, anasema, kwa sababu mimi nina umuhimu. Haiwezekani basi kuniondoa mimi kwa ajili ya manufaa yangu, kwa sababu ndipo umuhimu wa manufaa hayo unapotoka. Tunaiona kuwa hoja bora kuliko zote za upande huu, na ina sifa moja adimu: inamwambia mtu kwamba ana thamani, wala haianzi kwa kumtisha. Pingamizi lake zito ni mgonjwa ambaye ugonjwa wenyewe unaubomoa utu wake, akili ikipotea kidogokidogo. Je, kuheshimu utu hapo ni kuungoja uishe?

Kant mwenyewe hakuwa na majibu rahisi. Katika kitabu chake cha mwaka 1797 aliacha maswali wazi: vipi mfalme aliyekwenda vitani akiwa amejiandaa asitekwe na kulazimishwa kuidhuru nchi yake? Vipi mtu aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, akaogopa kwamba atawadhuru wengine? Aliuliza, hakujibu.

Wastoiko walisifu kujiua?

Wastoiko, wanafalsafa wa shule moja ya kale ya Ugiriki na Roma, waliruhusu, kwa masharti. Seneca, katika barua ya 70, anasema jema ni kuishi vizuri, si kuishi tu, na mwenye hekima huishi kadiri inavyompasa. Epictetus naye, aliyekuwa mtumwa, aliwakemea vijana waliotaka kuondoka kwa uchovu wa maisha na kuwaambia wangoje. Sharti la Wastoiko lilikuwa uamuzi wa akili tulivu isiyosukumwa na hofu, huzuni wala hasira, na wao wenyewe walikiri kwamba mwenye hekima wa namna hiyo ni adimu mno. Anayewanukuu kumtetea mtu aliye katika dhiki amelitupa sharti lao la kwanza.

Maisha yangu ni yangu. Kwa haki gani unanizuia?

Hili ndilo swali zito kuliko yote katika ukurasa huu, na tunalijibu kwa kutumia mtetezi mkubwa wa uhuru.

John Stuart Mill, katika kitabu chake Kuhusu Uhuru cha mwaka 1859, aliweka kanuni kwamba jamii inaweza kumlazimisha mtu mzima kwa sababu moja tu, kuzuia madhara kwa wengine. Faida yake mwenyewe haitoshi. Lakini katika kitabu hichohicho ametoa mfano. Mtu anakaribia kuvuka daraja linalojulikana kuwa bovu, na hakuna muda wa kumwonya. Unaweza kumkamata na kumrudisha bila kuuvunja uhuru wake, kwa sababu uhuru ni kufanya unachotaka, naye hataki kuanguka mtoni. Mill anaendelea: kama kuna hatari tu bila uhakika, mwonye kisha umwache achague, isipokuwa awe mtoto, au amepagawa na homa, au yuko katika msisimko au mzamo wa mawazo usiomruhusu kutumia akili yake kikamilifu.

Maneno hayo ya mwisho hurukwa mara nyingi na wanaomnukuu, nayo ndiyo yanayotuhusu. Uamuzi unaostahili kuheshimiwa kama wa mtu huru una sehemu nne. Taarifa: anajua hali yake ilivyo, pamoja na tiba zilizopo. Uwezo: akili yake inaweza kupima. Hiari: hakuna anayemsukuma, wala deni, wala aibu, wala jamaa wanaomwonyesha kwamba ni mzigo. Uthabiti: anataka hilo leo, mwezi ujao, na baada ya hali yake kutulia. Katika dhiki ya kawaida ya mtu anayetaka kujiua, mara nyingi zinakosekana mbili au tatu. Sonona hudanganya kuhusu taarifa ("hakuna tiba") na kuhusu siku zijazo ("haitabadilika"), na hamu yenyewe hupanda na kushuka, pengine ndani ya saa chache.

Kwa hiyo kumzuia mtu usiku wa leo kunalinda mamlaka yake juu ya maisha yake, kwa kumrudishia nafasi ya kuyatumia akiwa na akili yote. Lakini hoja hii ina mipaka, na anayeitumia aiheshimu. Inaruhusu kukaa naye, kuondoa vitu vya hatari, kumpeleka hospitali hata akilalamika. Hairuhusu kumfunga kamba, kumpiga, kumwaibisha mbele ya ukoo, wala kumfungia miezi bila kumtibu. Kinachomsaidia mtu kurejesha uamuzi wake kinaruhusiwa. Kinachomwondolea kabisa hakina utetezi hapa.

Fikra za Kiafrika kuhusu utu zinaongeza nini?

John Mbiti, Mkenya, aliandika mwaka 1969 kwamba mtu wa jamii za Kiafrika anaweza kusema: mimi nipo kwa kuwa sisi tupo, na kwa kuwa sisi tupo, mimi nipo. Ifeanyi Menkiti wa Nigeria alikwenda mbali zaidi: utu hukamilishwa ndani ya jamii, kwa kushiriki na kutimiza wajibu. Wengi huchukua hapo hoja ya Aristotle iliyovikwa vazi jipya: uhai wako si wako peke yako, hivyo huna ruhusa.

Tunadhani wamesoma nusu. Uhusiano ukiwa wa pande mbili, wajibu nao ni wa pande mbili. Kama mimi nipo kwa sababu ninyi mpo, basi kijana aliyekaa miezi bila kuulizwa hali, mjane aliyenyang'anywa shamba, mwanafunzi anayechekwa kila siku, jamii yao imewavunjia wao kwanza. Sehemu nyingi za Afrika Mashariki zilikuwa na desturi ya kumzika aliyejiua bila heshima za kawaida, au kuharibu mahali alipofia, ili kuukata mkosi. Desturi hizo zilionyesha jinsi jamii ilivyotikiswa. Zilielekeza mtikisiko huo kwa marehemu na familia yake, na hapo ndipo zilipokosea mahali pa kuuweka wajibu.

Je, kujiua ni ubinafsi au uoga?

Hapana. Ubinafsi ni kujali maslahi yako na kupuuza ya wengine ukiwa unayaona. Wengi walio katika hali hii wameshawishika, kimakosa, kwamba wengine watapumua wakiondoka. Huko ni kukosea kuhusu ukweli wa mambo, na dawa yake ni kuambiwa ukweli na watu wanaomhitaji. Kuhusu uoga, Aristotle aliandika hivyo juu ya wanaokimbia umaskini, mapenzi au maumivu, lakini alikuwa anapima ujasiri wa mtu mwenye chaguo. Lawama hizi zina madhara ya wazi pia: anayesikia kwamba ni ubinafsi haachi kuwaza, huacha tu kusema.

Camus alisema maisha hayana maana, basi kujiua kunafaa?

Albert Camus, mwandishi Mfaransa, alifikia kinyume cha mnachosikia. Mwaka 1942 aliandika kwamba kujiua ndilo tatizo moja la kifalsafa lililo zito kweli, kisha akatumia kitabu chote kufika kwenye jibu la hapana. Ulimwengu haujibu kiu yetu ya maana. Kujiua ni kusalimu amri mbele ya ukimya huo. Kinachofaa ni kuishi kwa uasi, macho wazi. Anayenukuu sentensi ya kwanza na kufunga kitabu hajamsoma Camus.

Kifo kwa msaada wa daktari ni suala hilohilo?

Linagusana nalo, lakini sehemu nne tulizozitaja hukaa tofauti. Oregon, Marekani, ambako sheria ilipigiwa kura mwaka 1994 na kuanza kutumika 1997, humtaka mwombaji awe mtu mzima kiumri mwenye uwezo wa kuamua, aliye na ugonjwa unaotarajiwa kumuua ndani ya miezi 6. Uholanzi na Ubelgiji zina sheria tangu 2002, Kanada tangu 2016, na masharti yao ni mapana zaidi. Watetezi wa haki za watu wenye ulemavu wameuliza swali ambalo halijajibiwa vya kutosha: kwa nini huzuni ya mwenye ulemavu ipewe kifo wakati huzuni ya mwingine inapewa tiba?

Katika nchi zetu kumsaidia mtu kujiua ni kosa kubwa la jinai, na mjadala wenyewe unaanzia mahali pengine. Chaguo la kufa si huru pale ambapo maumivu yanayoweza kutulizwa hayajatulizwa. Hospice Africa Uganda ilianza kazi mwaka 1993 na kuonyesha kwamba mofini ya kunywa, ya bei nafuu, inaweza kumfikia mgonjwa nyumbani kwake. Kabla ya kuuliza kama mgonjwa wa saratani ana haki ya kufa, uliza kama amepata dawa ya maumivu wiki hii.

Je, sheria imwadhibu aliyejaribu?

Hatuoni hoja yoyote ya maadili inayoiunga mkono adhabu hiyo, hata kwa anayeamini kwamba kitendo ni kosa. Adhabu hutetewa kwa kulipiza, kuogofya au kurekebisha. Kulipiza kunahitaji lawama, ambayo mara nyingi haipo. Kuogofya hakufanyi kazi kwa asiyeogopa kufa. Kurekebisha hufanyika kwa matibabu, na jela huzuia matibabu, kwa sababu familia huficha jaribio badala ya kukimbilia hospitali.

Uingereza na Wales ziliifuta jinai hii mwaka 1961, lakini sheria walizoziacha katika makoloni zilibaki. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania imeliweka kosa hilo katika kifungu cha 217. Nchini Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 kinakwenda kinyume na Katiba, kwa misingi ya usawa, utu na haki ya afya. Ghana iliifuta mwaka 2023.

Anaweza kuzikwa kidini?

Kwa Wakatoliki, ndiyo. Sheria ya Kanisa ya 1983 haikuwataja tena kati ya wanaonyimwa mazishi, na Katekisimu ya 1992, ikiendelea kusema kitendo ni kosa zito, inakiri kwamba matatizo makubwa ya akili, uchungu au hofu kali hupunguza wajibu wa mtu, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wake. Kwa Waislamu, katazo liko wazi katika Sura An-Nisaa, aya ya 29, na hapohapo wanazuoni walio wengi wanasema husaliwa kama Mwislamu mwingine. Na asiye na akili timamu kalamu imeinuliwa juu yake, yaani haandikiwi dhambi. Utaona dini zote mbili zinatenganisha swali la kwanza na la pili, jambo ambalo waumini wengi husahau msibani.

Nitafundishaje au kuandika kuhusu jambo hili bila kudhuru?

Mwalimu: tangaza mada wiki moja kabla, na umruhusu anayetaka kutohudhuria asiulizwe sababu. Usipange mdahalo wa kupiga kura, kwa sababu darasa la watu 40 karibu hakika lina aliyefiwa au aliyewahi kuwaza. Usitaje njia zilizotumika wala barua za mwisho. Hazina kazi katika hoja. Usimalizie kipindi kwa Seneca na kuwaacha watu waende zao. Weka Mill au Velleman mwisho, na ubaki chumbani nusu saa.

Mwandishi wa insha: chagua moja kati ya maswali matatu. Ifafanue istilahi kwa sentensi moja. Andika hoja unayoichunguza kwa hatua zenye namba, kisha useme ni hatua gani unaikataa na kwa nini. Insha nyingi hufeli kwa kutaja wanafalsafa saba bila kumpinga hata mmoja.

Mtu akiniuliza "kwani kujiua ni kosa?", nijuaje kama anauliza kwa ajili yake?

Muulize. "Unauliza kwa sababu unafikiria kujiua?" Kuuliza moja kwa moja hakumpandikizii wazo, mara nyingi humpa nafuu kwamba sasa anaweza kusema. Sikiliza ishara: swali limekuja ghafla, anasema amekuwa mzigo, anagawa vitu vyake, anaaga, au ametulia ghafla baada ya wiki ngumu.

Akisema ndiyo, achana na hoja zote zilizo hapo juu. Watu wenye elimu hukosea hapa kuliko wengine: huanza kubishana, mwenye dhiki hujitetea, na kwa kujitetea huzidi kuushika uamuzi wake. Mwambie umefurahi amekwambia. Muulize kama ana mpango na kama ana kitu cha kuutekeleza; kama anacho, kiondoke mahali hapo sasa, kwa mikono yako au ya mtu mwingine. Usiahidi kuweka siri. Mpigie mtu mmoja wa karibu naye mbele yake, nendeni hospitali pamoja, na kesho yake umtafute tena, na keshokutwa.